Zamu ya Kavata

Otieno ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba Mzee Saidi ameaga dunia, na kwamba alikuwa keshazikwa jana yake alasiri kama ilivyo desturi ya Waislamu. "Hitma ni Alhamisi, nyumbani kwake Pumwani," akasema. "Kuja, Tabitha. Usijifanye uko bize." Nilikuwa nimeshika gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni, nikazitoa moja moja huku nikitafuta udhuru. Sikuupata. Mzee Saidi hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mwenye karakana ya kushona sare za shule iliyoniajiri nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nilifanya kazi kwake mwaka mmoja tu. Nimefanya kazi kwingine miaka mingi zaidi, na kwingine huko sikumbuki hata rangi ya kuta. Kwa Mzee Saidi nakumbuka kila kitu. Na wala si yeye niliyeogopa kukutana naye, maana alikuwa kaburini. Niliogopa walio hai.

Karakana ilikuwa Majengo, juu ya duka la vyombo vya plastiki, ukipanda ngazi za mbao zilizolia kila hatua. Kilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye madirisha mawili yaliyotazama mabati ya nyumba za zamani, mabati yenye kutu na viraka, na nguo zilizoanikwa katikati. Asubuhi mapema paliingia baridi, na ikifika saa sita palikuwa na joto kama ndani ya sufuria. Harufu yake ilikuwa ya kitambaa kipya, mafuta ya cherehani, na samaki wa kukaanga kutoka chini. Tulikuwa mafundi wanne, sote tukishona mashati ya shule. Otieno aliketi karibu na mlango ili aone nani anapanda, na mdomo wake haukupumzika. Kavata, msichana wa rika langu, aliketi mkono wangu wa kulia, na tukawa marafiki tangu siku ya kwanza kwa sababu tulicheka mambo yale yale. Mkono wangu wa kushoto, penye mwanga mzuri wa dirisha, aliketi Mama Zuhura, mzaliwa wa Majengo, mjane, mkubwa wetu kwa umri. Yeye ndiye aliyenifundisha kola. Mengine nilikuja nikiyajua, lakini kola ilinishinda. Alinifumulia nilizoharibu, akanikalisha kando yake, akanionyesha tena na tena bila kuchoka. "Ukiipinda hivi, mwanangu," aliniambia, "mtoto wa watu ataenda shule kama aliyekamatwa shingo na polisi." Otieno akaangua kicheko, nami nikacheka machozi yakinilenga, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeamini nitafukuzwa.

Chakula cha mchana tulikila katika sinia moja. Kavata alileta muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa, Mama Zuhura maharagwe ya nazi, Otieno alishuka kununua chapati, nami nilileta nilichoweza, mara nyingi sukumawiki. Mwezi wa Ramadhani Mama Zuhura alinichukua kwake jioni nikafuturu naye, ingawa sikufunga. Aliishi katika mojawapo ya zile nyumba ndefu za Majengo zenye korido katikati na vyumba huku na huku. Chumba chake kilikuwa na kitanda nyuma ya pazia la maua, kabati la vioo lenye vikombe visivyotumiwa, na mkeka. Tulikaa kwenye mkeka, yeye, mimi na binti yake Zuhura aliyekuwa bado shuleni, tukala tambi na viazi karai. Alinitilia chakula kabla ya mwanawe. Nilikuwa mgeni katika jiji hili, na nikiri kwamba mwaka ule hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu alitazama sahani yangu kuona kama imekwisha.

Kisha Mzee Saidi akapata kazi ya shule nyingi zaidi. Hakuwa mtu mbaya, nataka lieleweke hilo. Alilipa kwa wakati, na fundi akiugua alimpa nauli ya kwenda hospitali. Lakini aliogopa kwamba mashati hayatakwisha kabla ya shule kufunguliwa, na hofu ilimfanya awaze. Asubuhi moja alipanda na ubao mweusi, akaupigilia ukutani kando ya mlango, akaandika majina yetu manne kwa chaki. "Hapa anayefanya kazi na anayepiga soga wanaondoka na mshahara mmoja," alisema. "Sasa basi. Kila Jumamosi tutahesabu. Mwenye mashati mengi kuliko wenzake nitampa malipo ya siku mbili juu ya yake. Atakayekuwa wa mwisho, Jumatatu akae nyumbani, na siku hiyo silipi. Mbio bila zawadi ni matembezi."

"Na wa pili, mdosi?" Otieno akauliza.

"Wa pili amshukuru Mungu kwamba si wa mwisho."

Siku hizi nasikia vijana waliosoma mambo ya biashara wakibishana kama mashindano ya malipo huwatia watu bidii au la. Mimi naweza kuwajibu. Yanatia. Jumamosi ya kwanza nilikuwa wa kwanza, na Mzee Saidi alipolitamka jina langu mbele ya wenzangu nilihisi joto likipanda kutoka miguuni. Hadi siku ile hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nazidi watu kwa jambo lolote. Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia Gikomba, nikanunua viatu vya ngozi, vya mtumba lakini vizuri, na njia nzima nikawa nawaza namna ya kuokoa muda: kupanga mikono yote kwanza, kutonyanyuka kunywa maji, kutojibu mizaha ya Otieno. Wiki ya pili nikashinda tena, na ya tatu. Fedha niliipenda, lakini nilipenda zaidi kuliona jina langu juu ya mengine. Nilikuwa nikifika mapema ili nilitazame kabla hajaja mtu.

Chumba kikabadilika. Zamani uzi ukikukatikia ulipiga kelele, na wa karibu akakutungia. Sasa kila mtu aliinamia cherehani yake. Kopo la mafuta, lililokuwa la wote, likahamia chini ya kiti cha Otieno. Siku moja niliisikia cherehani ya Kavata ikiruka mishono. Sindano yake ilikuwa imepinda, niliijua kwa mlio tu, na ningemwambia kwa neno moja. Sikusema. Nilimwacha akashona asubuhi nzima, na mchana akakaa kufumua huku anajilaumu kwa sauti ya chini, nami nikiendelea kukanyaga pedali. Mama Zuhura naye alijaribu kukimbia. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, jambo ambalo alikuwa ametuficha kwa kufanya kazi polepole na kwa mazoea. Alipoharakisha, kola zikapinda. Mzee Saidi akamrudishia mashati, yeye ambaye hakuwahi kurudishiwa hata kifungo. Akawa wa mwisho wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu, akapoteza Jumatatu zote. Tukaona ameacha kuja na chakula. Alhamisi alisema amefunga sunna. Jumanne akasema analipa siku alizokula Ramadhani. Sisi tukajifanya tumeamini, tukala maharagwe ya kununua, na sinia likawa na nafasi upande wake.

Kavata ndiye aliyesema. Ilikuwa Ijumaa mchana, Mzee Saidi ameenda msikitini. Aliweka kijiko chini akasema, "Kwani lazima tukimbizane? Tugawane. Wiki hii ashinde huyu, wiki ijayo yule. Anayeshinda anaongezewa mashati na wengine. Na kuwa wa mwisho pia kuwe kwa zamu, kila mtu Jumatatu moja kwa mwezi. Hiyo ni kama likizo tu."

"Hiyo ni akili!" Otieno akapiga goti lake. "Mdosi hatajua kitu. Chapaa inazunguka tu kwetu."

Mama Zuhura alipapasa ncha ya leso yake. "Si tutakuwa tunamwibia?"

"Mathe, yeye ndiye anatugombanisha."

"Basi jumla isipungue," akasema hatimaye. "Mashati yake ayapate yote, hata moja lisikosekane. Hayo mengine ni yetu wenyewe." Kisha akanigeukia. Wote wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa na kitu cha kupoteza. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo mara ya pili, ili waamini. Mama Zuhura alivuta sinia, akala nasi siku ile, na hakuna aliyeuliza habari za saumu. Tukapanga: kwanza yeye, kwa sababu ameumia zaidi, kisha Otieno, kisha Kavata, kisha mimi niliyekwisha kushinda vya kutosha. Wiki ya Kavata ndiyo ambayo mimi ningekuwa wa mwisho.

Jumamosi ile Mama Zuhura aliposhinda, Mzee Saidi alivua miwani akahesabu upya. Sisi tulitazama dirishani tukiuma midomo. Mama Zuhura alizipokea fedha kwa mikono miwili, na alipofika kwenye ngazi tukamsikia akicheka peke yake, kicheko cha msichana. Jumanne, tulipokuwa wote, alikuja na mahamri na mbaazi, mengi mno, tukala hadi saa nane vidole vina mafuta, tukaogopa kugusa vitambaa. Kelele zilirudi chumbani. Kopo la mafuta likarudi katikati. Wiki iliyofuata Otieno akashinda, akacheza kati ya cherehani hadi sakafu ikatikisika na mwenye duka chini akapiga dari kwa ufagio. Naikumbuka wiki ile kuliko nyingi nilizofurahi katika maisha yangu, na kila nikiikumbuka najua kinachofuata.

Ikaja zamu ya Kavata. Alikuwa amekwisha kunieleza fedha zile atazifanyia nini: kumpelekea mamake godoro Kitui. Nikashona polepole kama tulivyopatana, na polepole ile ilinichosha kuliko mbio. Mikono yangu iliwasha. Niliutazama ubao, jina langu likiwa la chini, nikaona haya kama mtu aliyetoka nje bila viatu. Alhamisi Mzee Saidi aliniita kwenye ngazi, akafunga mlango nyuma yetu.

"Tabitha, unaumwa?"

"La, Mzee."

"Kuna mtu amekukasirisha?"

"La."

Alishusha sauti. "Mashule yakifunguliwa nitaongeza cherehani. Nitahitaji msimamizi, mtu ambaye wengine watamfuata. Nilikuwa nimekuweka wewe moyoni mwangu." Akashika kishikio cha ngazi, akaanza kushuka. "Sasa naona nilikosea."

Nilirudi kitini pangu. Nilijiambia nitashona kidogo tu, nisiwe wa mwisho, nijikwamue kidogo mbele ya macho yake. Hilo ndilo nililojiambia, na labda kwa saa moja lilikuwa kweli. Lakini miguu ilipoonja mwendo wake haikusimama. Ijumaa mchana sikwenda kwenye sinia. Nilisema tumbo linaniuma. Kavata aliniletea chapati, akaiweka juu ya kitambaa safi kando yangu, akanong'ona, "Tabitha, hii wiki ni yangu, sivyo?"

"Ni yako," nikamwambia. Mguu wangu ulikuwa ukiendelea kukanyaga pedali.

Jumamosi tulihesabiwa. Nilikuwa wa kwanza. Kavata wa pili, Otieno wa tatu. Mama Zuhura, aliyekuwa ametoa sehemu ya mashati yake akayaweka kwenye fungu la Kavata kama tulivyopatana, alikuwa wa mwisho. Mzee Saidi aliyainua machache aliyobaki nayo Mama Zuhura, akazitazama kola karibu na dirisha, akatikisa kichwa. Kisha akasema, kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya zaidi, "Mama, wewe pumzika. Si Jumatatu peke yake. Kazi ikizidi nitakuita."

Tulijua sote kwamba hatamwita. Kavata alikuwa na neno mdomoni, niliona, na Otieno alimshika mkono, kwa sababu kusema kungemaanisha kufichua mapatano, na labda wote wafukuzwe. Nami ningeweza kusema. Ningeweza kusema kwamba wiki ile haikuwa ya kweli, kwamba mashati yake yako katika fungu la mwingine. Nilisimama na fedha mkononi. Mama Zuhura alikunja miwani yake, akajitanda leso, akachukua mkasi wake mwenyewe uliokuwa juu ya meza. "Haya, kwaherini," akasema. Hakunitazama, wala hakuacha kunitazama kwa makusudi. Alikuwa anatafuta kidato cha ngazi kwa mguu. Kavata alisubiri hadi hatua zake zilipoisha chini, ndipo akaniambia, "Ungetuambia tu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa kama rafiki. Baada ya hapo alinijibu mambo ya kazi.

Mwaka ule niliumaliza nikiwa msimamizi. Mashati yalikwisha kwa wakati, Mzee Saidi akanisifu mbele ya mafundi wapya, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia uzi ukikatwa. Kwa Mama Zuhura sikwenda. Jumapili ya kwanza nilijiambia nitakwenda ya pili. Baadaye nikaanza kuzunguka njia nyingine nikitoka kazini. Nikaacha kazi Majengo, nikaolewa, nikahamia Umoja, ambako sasa nina cherehani zangu nne na wasichana watatu. Januari moja kazi ilinizidi, nikawawekea wasichana wale zawadi kwa atakayewashinda wenzake. Walikimbia vizuri sana. Jumatano nikamwona mmoja anaficha mkasi chini ya paja. Zawadi nikaigawa sawa, wakaninung'unikia wote watatu, hasa yule aliyekuwa mbele.

Basi Alhamisi nilijifunga leso kichwani nikaenda Pumwani. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, na Otieno, mwenye mvi sasa, alinishika bega akawaambia aliokaa nao, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye alikuwa moto! Mdosi alimpenda kama binti yake." Alisema kwa fahari, bila kijembe, nami nikatamani angekuwa na kijembe. Nilimuuliza kuhusu Kavata. Akasema yuko Kitui, amesikia, hataweza kuja. Nikaingia ndani kwa wanawake. Walikuwa wamekaa mikekani, kisomo kimekwisha, masinia ya pilau yanapitishwa juu ya vichwa. Pembeni, ameegemea ukuta, alikuwa Mama Zuhura. Amekuwa mdogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Nilikaa kando yake nikamwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani huyu?" Akageuza sikio badala ya macho. "Sema tena."

"Ni Tabitha, Mama."

"Tabitha." Alitafuta mkono wangu, akaushika, akapapasa vidole kama anayepima. "Bado unashona."

"Bado, Mama." Nilikuwa nimeyabeba maneno miaka yote hiyo, na nikaogopa kwamba nisipoyatoa pale pale nitayarudisha Umoja. "Mama, ile Jumamosi. Ile zamu ya Kavata. Nilikufanyia..."

"Ah, Jumamosi." Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Macho yangu yalikuwa yamekwisha, mwanangu. Saidi, Mungu amrehemu, angenitoa tu, kama si wiki ile, ya pili yake. Wewe ulikuwa kijana, una mikono, umeahidiwa cheo, nilikuja kusikia. Jumamosi niliisamehe kabla sijafika chini ya ngazi." Nikaanza kushukuru, lakini hakuwa amemaliza. "Jumatatu ndiyo sijui niifanye nini."

"Jumatatu gani, Mama?"

"Ile iliyofuata. Nilikaa mlangoni. Zuhura akaniuliza, mama unamngoja nani? Nikamwambia Tabitha atapita jioni akitoka kazini. Nilipika tambi. Nilijua utakuja na aibu zako, nikasema nitamlisha kwanza, maneno baadaye. Nikapika na Jumanne. Jumatano tukazila baridi, nikaacha."

"Sikuwa na uso wa kuja, Mama."

"Uso nani aliutaka?" Hakupandisha sauti. "Kwangu kulikuwa mlango wa tatu kutoka msikitini. Ulikuwa unapajua."

Miaka yote nilikuwa nimejilaumu kwa jambo ambalo yeye alikuwa amelitupa kwenye ngazi, na lile alilolibeba mimi sikuwa nalijua kabisa. Sinia likatufikia. Mama Zuhura alinisukumia upande wenye nyama, akasema, "Kula, watakuja kuliondoa," kisha akaniuliza nina watoto wangapi na wanasoma wapi, nami nikamjibu. Wakati wa kuagana hakuniambia nije. Hakuniambia nisije.

Jumatatu iliyofuata niliwaachia wasichana kazi nikarudi Majengo. Nyumba ni ile ile, korido ni ile ile, ila rangi ni nyingine. Zuhura mwenyewe ndiye aliyenifungulia, mtu mzima, mtoto amembeba kiunoni. Alinitazama kwa muda kabla ya kunijua, na aliponijua hakutabasamu. "Mama amelala," akasema. "Halali vizuri siku hizi, akipata usingizi hatumwamshi. Labda urudi siku nyingine."

"Nitangoja," nikamwambia.

Aliingia ndani, akanitolea stuli, nikakaa koridoni.